Sarufi Wiki Sita, Kuongea Mwaka Mzima

Swali la kwanza huwa lilelile: "Sasa hicho Kiesperanto kitakupa ajira?" Nimeulizwa na mwenzangu wa chumbani, nimeulizwa na mama, nimeulizwa hata na dada wa mgahawa wa chuoni aliyeona daftari langu limejaa herufi zenye kofia. Jibu ninalo, ila si la sentensi moja, ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida letu. Nilianza Agosti 2024 nikiwa likizo ndefu nyumbani Bukene, wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Leo naweza kukaa saa nzima nikibishana na mtu kwa lugha hiyo kuhusu bei ya mpunga bila kukimbilia Kiingereza. Mwalimu sikuwa naye, na darasani sikuingia hata siku moja. Nataka nieleze jinsi inavyowezekana, na hasa pale ambapo wengi hukwama, kwa sababu hawakwami kwenye sarufi kama watu wanavyodhani.

Kwanza tuelewane lugha yenyewe ni nini. Kiesperanto kilitungwa. Mtunzi wake ni Ludwik Zamenhof, daktari wa macho, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland na wakati ule ulikuwa chini ya Urusi. Mjini kwao watu waliongea Kiyidishi, Kipolandi, Kirusi na Kijerumani, na kila lugha ilikuwa na chuki zake. Mwaka 1887 alitoa kijitabu mjini Warsaw kwa jina la kujificha, Doktoro Esperanto, yaani daktari anayetumaini, na jina la mtu likageuka jina la lugha. Mwaka 1905 watu waliokuwa wamejifunza kwa vitabu na barua walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wakakuta wanaelewana hata kwa mdomo. Hapo ndipo yalipoanzia makongamano yao ya dunia. Haikuwa safari ya raha: Wanazi waliwaua watoto wote watatu wa Zamenhof, na Stalin naye aliwasaka Waesperanto wa nchini mwake. Lugha haikufa. Agosti 2024 kongamano la 109 lilifanyika Arusha, mara ya kwanza kabisa kuletwa Afrika. Mimi habari zake zilinifikia Bukene kwa redio ya dukani, wageni wakiwa wameshaanza kufunga mabegi.

Duka ni la baba mdogo, si mbali na stesheni. Kazi yangu ya likizo ilikuwa kukaa pale kuanzia asubuhi hadi jua linapozama, na mchana wa kiangazi Bukene mteja ni wa kubahatisha. Muda nilikuwa nao. Nikapakua kozi ya bure kwenye simu, nikanunua daftari la kurasa mia mbili, nikaanza.

Babu yangu hakuuliza habari za ajira. Jioni moja alinikuta nasoma kwa sauti, nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akauliza, "Hao wenye lugha hiyo wako upande gani?"

"Hawana upande, babu. Kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani. Hii ni ya kukutania tu."

Akafikiri kidogo. "Basi hiyo ni lugha ya njiani."

Sijapata ufafanuzi bora kuliko huo. Na mtu wa Tabora ana haki ya kuusema, kwa sababu kwetu lugha ya njiani tunaijua. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara wa pwani wamejenga makazi katikati ya Unyamwezi. Njia moja iliendelea magharibi hadi Ujiji. Nyingine ilipanda kaskazini, ikikata nchi yetu, kuelekea ziwa na falme za Karagwe na Buganda. Mizigo ilikwenda kichwani na begani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Waliteremka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa na shanga, na miezi ile ya kutembea ndiyo ilikuwa shule yao ya Kiswahili. Askofu Steere alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Wapagazi hawakumsubiri. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na baadaye Mwanza mwaka 1928 ikipitia hapa kwetu Bukene, ilikuta Kiswahili kimeshafika kwa miguu. Leo asubuhi tunaamkiana "mwangaluka", tukigeukia kaunta tunaongea Kiswahili, na hakuna anayeona ajabu.

Tusipambe historia. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa na bunduki, na mtu hakujifunza lugha ya msafara kwa ajili ya undugu wa binadamu. Alijifunza kwa sababu asipoelewa amri, bei au jina la kisima kinachofuata, ameumia. Naomba ukumbuke jambo hili, nitalirudia nikifika kwenye sehemu ngumu.

Sasa tuje kwenye sarufi, maana hapa ndipo penye habari njema ambayo vitabu vya kujifunzia, vilivyoandikiwa Wazungu, havikuambii. Mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa ameshapanda nusu ya mlima. Kiesperanto kina irabu tano: a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Kila herufi ina sauti moja, hakuna utapeli wa Kiingereza wa kuandika hivi na kusoma vile. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema ki-TA-bu na m-ku-LI-ma. Herufi zenye kofia zinatisha kwa macho tu: ĉ ni ch yetu, ŝ ni sh, ĝ ni j ya jembe, halafu j yao ni y yetu. Siku mbili zinatosha kuweza kusoma ukurasa wowote kwa sauti, ukielewa au usielewe.

Njeo je? Tazama kitenzi cha kula. Mi manĝas, ninakula. Mi manĝis, nilikula. Mi manĝos, nitakula. Mi manĝus, ningekula. Sisi tunabadilisha katikati ya neno, wao wanabadilisha mwishoni, lakini mashine ni moja, na haina kitenzi hata kimoja kinachovunja kanuni. Mtu aliyekariri "go, went, gone" kwa fimbo anaweza kulia kwa furaha. Upatanisho nao upo: bona libro ni kitabu kizuri, bonaj libroj ni vitabu vizuri, yaani kivumishi kinafuata nomino kwenye wingi. Mwingereza anaona ni mzigo. Sisi tuliokulia kwenye vitabu vizuri, maua mazuri na miti mizuri tunaona wameturahisishia, tumepewa ngeli moja badala ya lundo.

Kilichonishangaza zaidi ni vinyambuo. Chukua kuvunja na kuvunjika, kisha kuchemka na kuchemsha. Kwa Kiesperanto rompi ni kuvunja, rompiĝi ni kuvunjika. Boli ni kuchemka, boligi ni kuchemsha. Viambishi hivyo viwili, -ig- na -iĝ-, ndivyo vinavyowasumbua sana wanaotoka kwenye Kiingereza, kwa sababu kwao maji yanachemka na mama anachemsha ni kitenzi kilekile. Sisi tumezaliwa tunatofautisha. Halafu kuna mal-, inayogeuza maana kuwa kinyume: fermi ni kufunga, malfermi ni kufungua, kovri ni kufunika, malkovri ni kufunua. Wengi hucheka mal-, wanasema ni uvivu wa kutunga maneno. Mimi niliona funga na fungua, funika na funua, ziba na zibua, nikasema huyu daktari wa macho angekaa Bukene mwezi mmoja angejisikia nyumbani.

Neno lililonifanya niamini kwamba naweza kufika ni malsanulejo. San- ni uzima wa mwili. Mal- inageuza, inakuwa ugonjwa. -Ul- ni mtu mwenye hali hiyo, mgonjwa. -Ej- ni mahali. -O inasema hii ni nomino. Mahali pa watu wasio wazima: hospitali. Sikulikariri, nililifungua kama unavyofungua bunda la bidhaa dukani, na tangu siku hiyo nikaacha kuandika orodha za maneno. Nikawa naandika mizizi upande mmoja na viambishi upande wa pili, kisha nazalisha mwenyewe. Lerni ni kujifunza, lernejo ni shule. Tranĉi ni kukata, tranĉilo ni kisu. Kuiri ni kupika, kuirejo ni jikoni. Mizizi kama mia tano ikikaa kichwani pamoja na viambishi vyake, unaweza kusema mambo mengi ya kila siku, hata kama unazunguka kidogo.

Ugumu upo, tusidanganyane. Mizizi yenyewe karibu yote imechukuliwa Ulaya: Kilatini na watoto wake, Kijerumani, Kirusi kidogo, Kipolandi. Mfaransa anafungua kitabu anakutana na shangazi zake. Mimi nakutana na wageni watupu. Vitu vichache vilivyosafiri sana ndivyo vinavyonisalimia: sukero ni sukari, kafo ni kahawa, limono ni limau, tabako ni tumbaku, na safario, ambayo hiyo imetoka kwetu. Baada ya hapo ni msuli tu. Anayekuambia Kiesperanto ni rahisi kwa kila mtu duniani kwa kiwango kilekile, mwulize lugha yake ya kwanza ni ipi.

Kisha kuna mrundikano wa konsonanti. Knabo, mvulana, kinywa chetu kinataka kusema kinabo. Ŝtono, jiwe, kinataka shitono. Scii, kujua, inabidi useme "stsii", na mara ya kwanza nilidhani mashine ya kozi imekwama. Na sisi wa upande huu tuna suala la r na l, tunataniwa nalo tangu mwaka wa kwanza. Lano ni sufi ya kondoo, rano ni chura. Lando ni nchi, rando ni ukingo. Dawa yake ni kusoma jozi kama hizo kwa sauti kila siku dakika tano, mdomo wazi, bila aibu. Mke wa baba mdogo alidhani naimba pambio.

Kitu cha tatu ni herufi n. Kiesperanto huweka n mwishoni mwa yambwa. La hundo mordas la viron: mbwa anamuuma mwanamume. Ukigeuza maneno, la viron mordas la hundo, bado aliyeumwa ni mwanamume. Watu wengi huona kero, lakini jaribu kwa Kiswahili: "mtoto kamwona mbwa." Nani kamwona nani? Kawaida tunafuata mpangilio, ila kwenye hadithi na mashairi tunageuza na msikilizaji anabaki kukisia. N inaondoa kukisia. Inafanya na kazi nyingine nzuri: en la urbo ni mjini ukiwa umeshafika, en la urbon ni mjini ukiwa unaingia. Kwetu "mjini" ni lilelile, kitenzi ndicho kinachobeba tofauti. Kuizoea n kwenye kuandika kunachukua wiki kadhaa. Kuizoea ukiwa unaongea haraka kunachukua miezi, na nimewasikia wakongwe wa miaka ishirini wakiidondosha.

Kwa mwendo wa dakika arobaini asubuhi na arobaini jioni, sarufi yote ilinichukua wiki sita. Nilimaliza pia kile wanachokiita jedwali, maneno 45 yanayojengwa kwa vianzio vitano na viishio tisa: kie ni wapi, tie ni pale, ĉie ni kila mahali, nenie ni hakuna mahali. Wenzetu wa Ulaya wanalia kuhusu jedwali hilo. Mtu aliyezaliwa na huyu, hawa, huu, hii, hiki, hivi, hili, haya, hana la kulia.

Na hapo, wiki ya saba, nikagota.

Hii ndiyo sehemu niliyosema nitarudi. Nilikuwa najua kanuni zote na nilishindwa kusimulia siku yangu kwa dakika mbili. Wengi wanaojifunza peke yao wanaachia hapa, na nadhani sababu si uvivu. Mpagazi wa njia ya Tabora alikuwa na lazima: jioni kuna moto mmoja, watu wa makabila matano, na chakula kinagawiwa kwa Kiswahili. Kiesperanto hakina pembe za ndovu, hakina serikali, hakina mtihani wa kidato cha nne, hakuna bosi atakayekufukuza kwa kutokijua. Hakuna kinachokulazimisha kufungua mdomo. Kwa hiyo anayejisomea inabidi atengeneze lazima yake mwenyewe, na hakuna programu ya simu itakayokufanyia hilo. Duolingo ina kozi ya Kiesperanto kwa wanaojua Kiingereza tangu 2015, na ni nzuri kwa kuanzia, lakini yule ndege wa kijani ukimjibu vizuri au vibaya hana habari na maisha yako.

Nilifanya mambo mawili. La kwanza ni kusoma hadithi. Claude Piron, mwanasaikolojia ambaye aliwahi kuwa mfasiri Umoja wa Mataifa, aliandika mwaka 1983 hadithi ya upelelezi iitwayo Gerda malaperis, yaani Gerda ametoweka. Inaanza kwa sentensi za mtoto na kuongeza maneno kidogo kidogo, mpaka unajikuta unataka kujua binti kaenda wapi na umesahau kwamba unajifunza. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza na kamusi, mara ya pili bila kamusi, mara ya tatu kwa sauti nikiwa natembea kandokando ya reli jioni.

La pili, na ndilo lililonivusha, ni kutafuta watu wa kuota nao moto. Waesperanto ni wachache lakini wanapatikana. Hapa Tanzania wamekuwepo Bunda, mkoani Mara, kwa miaka mingi. Burundi na mashariki ya Kongo kuna makundi yaliyochangamka. Nje ya hapo unakuta Wabrazili, Wajapani, Wapolandi. Kupitia kundi la Telegram nilipata watatu: kijana wa Burundi, mama mmoja mwalimu wa Brazil, na mzee wa Japani aliyestaafu. Tulikubaliana ujumbe wa sauti mmoja kila siku, usiozidi dakika tatu, na hakuna kufuta. Sheria hiyo ya kutofuta ndiyo ilikuwa mwalimu. Ujumbe wa sauti pia haumalizi bando kama video, na ukikosa mtandao mchana unautuma usiku.

Na yule mzee wa Japani nilipata shida ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha sarufi. Salamu ya Kiesperanto ni saluton, kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na "wewe" ni vi tu. Mimi nimelelewa Unyamwezini. Mtu wa umri wa babu yangu siwezi kumrushia "saluton" kama namwita konda. Siku ya tatu nikamwambia kwamba kwetu mkubwa anaamkiwa shikamoo, nikamweleza na kiitikio. Akanyamaza siku nzima, kisha ikaja sauti yake taratibu: "Ma-ra-ha-ba." Tangu hapo kila ujumbe wetu unaanza hivyo, kisha unaendelea kwa Kiesperanto. Nimemwona baadaye akimfundisha Mjerumani kwenye kundi. Nikajua kwamba lugha isiyo na kabila haina maana kwamba uje mikono mitupu. Kila mtu anakuja na mzigo wake. Siku nilipoeleza chakula cha mchana nikaandika "ugalio", kwa kuwa kila nomino lazima iishie na o, na mama wa Brazil akataka kujua unga ni wa nini. Hiyo peke yake ilikuwa dakika tatu za kuongea.

Mpaka Februari nilikuwa natafsiri kichwani kutoka Kiswahili. Aprili, katikati ya maandalizi ya mitihani ya chuo, niliona nimeshaacha. Likizo ya 2025 nilipokuwa tena dukani, niliingia kwenye maongezi ya video ya watu sita, tukapinga na kukubaliana kuhusu stakabadhi ghalani na masoko ya wakulima kwa zaidi ya saa moja. Kama unataka kipimo rasmi, ipo mitihani ya Kiesperanto inayofuata vipimo vya lugha vya Ulaya, B1, B2 na C1. Mimi sijafanya, ada yake kwa mwanafunzi anayesubiri bumu si mchezo.

Sasa swali la ajira, na hapa naomba tuwe wakweli. Kiingereza nimeanza kusomeshwa shule ya msingi na tangu kidato cha kwanza masomo karibu yote yamekuwa kwa Kiingereza. Ni zaidi ya miaka kumi. Na bado, mwaka wa kwanza hapa chuoni, kwenye semina ya watu ishirini nilikuwa na hoja kichwani na mdomo umefungwa, kama nusu ya darasa. Unajua hali hiyo. Mtu anayejua jibu anaandika kwenye karatasi na kumpa jirani aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza aliseme yeye. Kiesperanto nilikiongea ndani ya mwaka mmoja, bila mwalimu, nikiwa nauza sabuni. Akili ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba Kiingereza kina wenyewe, na wasikilizaji wako wote, hata wasiokijua vizuri, wamejiteua kuwa mahakimu. Ukiteleza kicheko kinaanza nyuma ya darasa. Kiesperanto karibu kila anayekiongea alijifunza ukubwani, anakumbuka alivyohangaika, na anasubiri umalize. Hakuna wa kumheshimu kwa lafudhi. Mwaka huu nimefanya prezentesheni mbili kwa Kiingereza, nimesimama mwenyewe. Kiingereza changu hakijaongezeka kwa muujiza. Ila nimeshazoea kutuma sauti bila kufuta.

Wapo wanaosema muda huo ungetumika kwa Kifaransa au Kichina, lugha zenye ubalozi na ufadhili wa masomo. Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuipuuza. Anayetaka ufadhili asome Kichina. Kingine kinachosemwa ni kwamba lugha ya dunia nzima iliyojaa mizizi ya Ulaya ni ya dunia nzima kwa jina, na hilo nalikubali zaidi kila ninapofungua kamusi. Tena sisi tunayo lugha iliyokwishafanya kazi hiyo kwa vitendo, ikaunganisha watu kutoka pwani hadi Kongo, na tangu 2021 UNESCO imeipa siku yake, tarehe 7 Julai. Nilipomwambia hivyo yule kijana wa Burundi akanijibu, kwa Kiesperanto, kwamba Kiswahili anakijua tayari, na kwamba tusingefahamiana kama kila mmoja wetu angebaki nacho tu. Bado tunabishana.

Kwa atakayetaka kujaribu likizo hii: anza na matamshi siku mbili, mizizi na viambishi wiki sita, halafu usisubiri uwe tayari, tafuta watu wiki ya saba. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni tunakuwa wanne chini ya mwembe nyuma ya maktaba, wawili kati yetu bado wako kwenye lano na rano. Daftari langu la kwanza unaweza kulipiga picha, ila kurasa za mwisho ziruke, ni madeni ya wateja wa baba mdogo.